Njia ya Kwa Mulei: Maisha ya Dkt. Dismas Oluoch, 1968–2025

Wafiwa, majirani wa Kwa Mulei na wa Makongeni, wenzake wa kazi, na nyote mliokuja kutushika mkono: asanteni. Mlioongozana na gari la maiti kutoka Thika asubuhi ya leo mmeona tumezunguka mbali, ilhali geti la shamba la kahawa lilikuwa wazi. Wapo walionung'unika, na kwa jua hili wana haki. Tulizunguka kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Sababu yake imo humu, na anayewasomea ni dada yake mkubwa, Mwalimu Selpha Akello, ambaye naye ana sehemu yake katika jambo hili.

Dismas alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, mjini Thika, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Oluoch na marehemu Mama Consolata. Mzee alikuwa ametoka Ugenya kuja kutafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha nguo, na familia ikakaa chumba kimoja Makongeni. Selpha alikuwa na miaka minne. Alipoonyeshwa mtoto alimtazama sana, akamwambia mkunga amrudishe alikomtoa. Hakurudishwa. Wamekuwa pamoja miaka hamsini na saba, na leo ndiyo Selpha anaambiwa amrudishe.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Makongeni kuanzia mwaka 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981, na akaenda shule ya bweni Machakos. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama akimtuma chumvi dukani, alirudi na chumvi na maelezo ya kwa nini duka la pili lina foleni na la kwanza halina. Likizo ya Desemba, Mama aliwachukua wote wawili kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa lililo kati ya hapa na mjini, ili wapate sare za shule. Jina la shamba tutaliacha, maana tumekuja kuzika, hatukuja kugombana. Kila asubuhi walipita kwenye lile geti, Mama mbele, Selpha katikati, na Dismas nyuma amejivika debe kichwani mpaka shingoni, anatembea kwa kufuata sauti ya viatu vya dada yake. Askari wa geti alikuwa akilipiga lile debe kwa kidole, ngo ngo, na kuuliza, "Mwenye nyumba yuko?" Ndani ya debe mtu mdogo alijibu, "Ametoka!" Tafadhalini likumbukeni debe hilo.

Alisomea udaktari Nairobi kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha akarudi Thika kutibu. Huko ndiko alikokutana na muuguzi aitwaye Felista Mutinda, ambaye alikataa kutoa dawa kwa sababu mwandiko wa daktari mpya haukusomeka. Alimrudishia karatasi mara mbili. Mara ya tatu karatasi ilikuja imeandikwa vizuri kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na chini yake jina lake kamili na namba ya nyumba anayokaa. Felista alisema hilo nalo halikuwa agizo la dawa, lakini hakuirudisha. Walifunga ndoa kanisani Makongeni Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili, Akinyi na Nicanor.

Wengi wameuliza ilikuwaje daktari mzuri akaacha wagonjwa na kwenda kusomea uchumi. Mama mmoja muuza mboga alimletea mtoto yuleyule mara tatu, na kila mara karatasi ya dawa ilikuwa ileile, imekunjwa ndani ya leso. Jioni ile Dismas alimwambia mkewe, "Felista, nimeandika dawa mara tatu. Hakuna siku nimeuliza kama dawa inafika nyumbani." Mwaka 2001 alikwenda ng'ambo kusomea uchumi wa afya, yaani elimu ya namna nchi yenye wauguzi wachache na dawa chache inavyoamua nani atapata nini, wapi. Alirudi mwaka 2005, akaajiriwa kwenye taasisi ya utafiti Nairobi, na familia ikahamia nyumba nzuri ya mawe mtaa wa Kahawa Sukari. Alifanya kazi nyingi ambazo wenzake watazieleza vizuri kuliko sisi. Sisi tutaeleza moja, kwa kuwa yeye mwenyewe aliitaka isomwe hapa.

Mwaka 2011 aliombwa achunguze zahanati ndogo za upande huu. Zilikuwa tatu, kila moja na muuguzi mmoja. Muuguzi akiugua, mlango umefungwa. Muuguzi akienda likizo, wazazi wamekwama. Dismas akashauri zifungwe zote tatu, wauguzi wapelekwe hospitali kubwa, ili mama anayejifungua akute watu wa kutosha na daktari. Hesabu zake zilikuwa sahihi na hata leo ni sahihi. Zahanati ya Kwa Mulei ilikuwa mojawapo ya hizo tatu. Kutoka hapa hadi hospitali, kwa kupita katikati ya shamba la kahawa, alitembea mwenyewe mwezi wa Aprili, saa mkononi. Dakika ishirini na tano.

Palikuwa na swali moja limebaki kwenye fomu: njia inapitika mwaka mzima? Alimpigia dada yake simu. Selpha alikuwa darasani, chaki mkononi.

"Selpha, lile geti la kahawa. Wakati wa mavuno lilikuwa linafungwa?"

"Lifungwe namna gani? Si tulikuwa tunapita kila siku?"

"Ni kweli," akasema, akakata. Akatia alama penye Ndiyo.

Hapo ndipo makosa yalipozaliwa, na yalizaliwa na wazazi wawili. Geti lile wakati wa mavuno hufungwa kutwa, kwa hofu ya wezi wa kahawa. Hupita wachumaji tu, na mchumaji hujulikana kwa debe lake. Watoto wa Mama Consolata walikumbuka geti wazi kwa kuwa walikuwa na debe. Asiyekuwa nalo alizunguka, kilomita kumi na moja, na wao walikuwa ndani wanachuma, wasimwone. Katika yote aliyoandika baadaye juu ya kosa hili, Dismas aliandika, "Nilitegemea kumbukumbu yangu." Hakumtaja dada yake hata mara moja. Leo dada yake anajitaja.

Zahanati ilifungwa Julai 2012. Jumapili, tarehe 18 Novemba mwaka huohuo, saa nane mchana, mama mmoja wa miaka ishirini na mitatu alishikwa na uchungu hapa Kwa Mulei, na damu ikaanza kumtoka. Mumewe Junaid na mama mkwe wake walimpeleka getini. Askari, Bwana Kitheka, alikuwepo, lakini ufunguo ulikuwa na meneja, na meneja alikuwa amekwenda ibadani Thika. Barabara ya kuzunguka ilikuwa tope tupu, bodaboda wawili walikataa. Walimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea mitungi ya maji, wakausukuma. Mtoto alizaliwa njiani, akalia. Mama yake alifariki kwenye kona ya daraja, akiwa ameshika ukingo wa mkokoteni. Mlioona gari letu likisimama pale leo asubuhi, tulisimama kwa ajili yake.

Katika ripoti ya ofisi ya afya ya mwaka uliofuata aliandikwa, "kifo kimoja." Wiki hii, tulipokwenda kumwomba mama mkwe wake ruhusa ya kulisoma jambo hili, alisema, "Semeni. Lakini mseme na jina lake." Jina lake ni Safaa Farouk. Mungu amrehemu.

Mama mkwe huyo ni Bi. Khamisa Idarous, aliyekuwa na meza ya mboga sokoni Mwiki, na yuko nasi hapa mstari wa mbele. Februari 2013 alipanda ngazi za ofisi ya Dismas, mtoto mgongoni, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Ni wewe ulisema kwetu mpaka hosi ni dakika ishirini na tano?"

"Ni mimi, mama. Nilitembea mwenyewe."

"Mwezi gani?"

"Aprili."

"Aprili kahawa iko na maua. Nani ataiba maua?"

Kisha akamweleza yote, pole pole, bila kupaza sauti. Dismas hakujitetea. Alichukua koti, akashuka naye, wakaja mpaka hapa siku hiyohiyo, akaizunguka njia nzima kwa miguu, na viatu vya ofisini. Ilimchukua saa mbili na dakika tano, na yeye mzima, hana uchungu wala damu. Jioni alimpigia Selpha simu. Alisema, "Debe, Selpha. Tulikuwa na debe." Selpha aliketi kwenye ngazi za nyumba yake, na wote wawili wakalia simuni hata muda wa maongezi ukaisha.

Kuna watu wakikosea hutafuta maneno ya kulifunika kosa, na maneno hayo ofisini yapo tele. Wenzake walimshauri aandike kwamba utafiti zaidi unahitajika. Yeye aliandika ukurasa mmoja wenye kichwa "Nilikosea," akauchapisha palepale ripoti ya kwanza ilipochapishwa. Kazi mbili zilimponyoka kwa ajili ya ukurasa huo. Hakulalamika. Mwaka 2014 alihamisha familia kutoka Kahawa Sukari kuja kwenye ploti hii tuliposimama, akisema hawezi tena kupima njia asiyoiishi. Felista aliililia nyumba yake ya mawe, asiwadanganye mtu. Nicanor, aliyekuwa kidato cha pili, alisimama kwenye matope na begi lake, akauliza, "Buda, ni hapa tunakaa? Huku hata neti ya simu haishiki." Dismas alimjibu, "Miguu inashika." Watoto hawakucheka siku ile. Wamelicheka baadaye, na wiki hii wamelilia.

Kutoka hapo kazi yake yote ilikuwa njia. Alizunguka nchi hii akipima mito inayofurika, reli, nyaya na mageti, kila mahali akienda katika mwezi ulio mbaya kuliko yote. Alisema hakuna zahanati inayostahili kufungwa mpaka aliyeshauri ifungwe atembee njia ya pili mwenyewe, msimu mbaya, na ikiwezekana akiwa amebeba mtu. Zipo sehemu walikomsikiliza. Alikuwa na swali moja tu kwa kila mgonjwa na kila mgeni, kabla hata ya habari: "Umepitia wapi?" Watu walidhani ni salamu ya kwao.

Hapa Kwa Mulei alipata msaidizi asiyetarajiwa. Bwana Kitheka, yule askari wa geti, alimfuata mwenyewe siku moja akasema hajalala vizuri tangu Jumapili ile. Walikubaliana hivi: kila mgonjwa atakayerudishwa getini wakati wa mavuno, Kitheka atie punje moja ya kahawa kwenye chupa. Hakuna aliyeshuku, maana askari wa shamba la kahawa kuwa na punje mfukoni si habari. Msimu mmoja ulipokwisha, punje zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Dismas aliibeba chupa ile kwenye mkutano wa wakubwa, akaimwaga mezani juu ya karatasi zao, akangoja mpaka ya mwisho ilipoacha kubingirika. Meneja wa sasa wa shamba anayafahamu haya, na hakumfuta Kitheka kazi. Tunamshukuru kwa hilo.

Zahanati ilifunguliwa tena mwaka 2019, na wengi wenu mlicheza siku hiyo. Lakini ilifunguliwa kwa homa na vidonda tu. Uzazi ulikataliwa, kwa kuwa kanuni inataka wauguzi wawili, na kanuni hiyo ilitoka kwenye ile ripoti ya mwaka 2011. Aliitunga mwenyewe. Siku alipoisoma barua hiyo, Felista alimkuta amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, na alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Tangu hapo, kila Novemba, aliandika barua mbili, moja kwa ofisi ya afya akiomba muuguzi wa pili, moja kwa shamba akiomba geti lifunguliwe kwa mgonjwa. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: mama wa Kwa Mulei asizungushwe tena. Hakukipata.

Februari mwaka huu alianza kulalamika tumbo. Aprili aliambiwa ni saratani ya kongosho, na kwa kuwa alikuwa daktari, hakuna aliyeweza kumdanganya. Alitibiwa kwa miezi minne, kisha akaomba arudi nyumbani. Felista alimuuguza kwa mikono ileile iliyomrudishia karatasi. Bi. Khamisa alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akiwa na uji wa pilipili manga, na alimnywesha mwenyewe. Siku moja Dismas alimwambia, "Mama Khamisa, mimi sijawahi kukuomba msamaha kwa mdomo. Nimeandika tu." Bi. Khamisa alimpangusa uji kwenye kidevu, akamjibu, "Ulihama na watoto wako ukaja kukaa kwa matope yetu. Mdomo ni wa nini tena? Kunywa."

Jumapili iliyopita, tarehe 9 Novemba 2025, Selpha alifika saa tisa alasiri, viatu vimejaa vumbi. Dismas alikuwa hajasema tangu juzi yake. Alifungua macho.

"Umepitia wapi?"

"Nimezunguka, ndugu yangu. Geti limefungwa."

Alifumba macho. Selpha alidhani amelala. Kisha Dismas akasema, na sauti haikuwa ya mgonjwa hata kidogo, "Andika."

Hakusema tena. Alifariki saa kumi na robo, mkono mmoja umeshikwa na mkewe, mwingine na dada yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Tumevunjika. Hatuna namna nyingine ya kulisema, wala hatutaitafuta.

Wazee wa ukoo walitaka apelekwe Ugenya, na ni haki yao. Baba mdogo alipoonyeshwa karatasi aliyoiacha marehemu, ya kuzikwa hapa, kuzungushwa, na kosa lake kusomwa, alikubali mawili, la tatu likamkwama. "Mtu akifa," alisema, "hatutangazi makosa yake kwa kipaza sauti." Felista alimjibu kwa heshima, "Baba, mimi nimezalisha miaka thelathini. Mficha uchi hazai." Mzee alimrudishia karatasi, akasema, "Basi someni pole pole, tusikie vizuri." Selpha amejitahidi kusoma pole pole.

Marehemu ameacha mjane, Felista Mutinda. Watoto wake, Akinyi na Nicanor. Dada yake, Selpha Akello. Baba mdogo na ukoo mzima wa Ugenya. Ameacha pia Leila Junaid, mtoto aliyezaliwa kwenye mkokoteni, ambaye juzi amemaliza darasa la saba, na ambaye alimwita Babu ilhali Dismas aliona haya kila alipoitwa. Leila, jina lako limo humu kwa ombi lake.

Asubuhi ya leo, kwa heshima ya marehemu, shamba liliagiza geti lifunguliwe. Ni Novemba, kahawa ni nyekundu, na geti lilikuwa wazi pande zote mbili. Bwana Kitheka alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, analia. Tulisimamisha gari, tukamshukuru, tukageuza. Hatukukataa kwa kiburi. Ndugu yetu alitaka apite mara ya mwisho alipopita Safaa.

Lakini alimwambia dada yake aandike, naye ameandika hivi, na wenye shamba mko hapa mnasikia. Kumbe lafunguka. Kumbe hata wakati wa mavuno, kwa agizo la siku moja, lafunguka. Mmelifungua kwa maiti ambaye hana haraka tena. Lifungueni kwa mwenye uchungu.

Safari ya Dismas imefika. Mungu ampumzishe kwa amani. Na wewe, Bwana Kitheka, jioni ukirudi kazini, tafadhali liache wazi.